Je, Una Mizinga?

Panya alitafuna waya wa kibanda cha mahojiano siku ya Jumanne, na kwa sababu hiyo Daktari Sechelela Chilongani akasikia kwa mara ya kwanza jinsi wagonjwa wake walivyokuwa wakihojiwa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipokea majibu tu: karatasi moja kwa kila mgonjwa, jina la ugonjwa juu, dawa chini, na nafasi ya sahihi yake. Kuuliza ilikuwa kazi ya Tabibu. Kusahihisha ilikuwa kazi yake, na katika miaka hiyo yote hakuwa ameona la kusahihisha. Wala hakuwahi kuacha nafasi hata moja wazi kwenye fomu.

Kituo kilikuwa ndani ya msitu wa miombo, kusini mwa Sikonge, mahali ambapo barabara huishia na njia za warina asali huanzia. Mamlaka ya Tiba ilikwisha kuwaondoa madaktari binadamu kwenye vituo vya namna hiyo, ikaviacha mikononi mwa Tabibu, mashine iliyosema Kiswahili safi kuliko watu wengi. Kituo hiki kilibaki na mtu kwa sababu moja. Kilikuwa na wagonjwa mia mbili na kumi na wanne wa ugonjwa mmoja sugu wa ngozi, na sheria ilisema wagonjwa wa ugonjwa mmoja sugu wakizidi hamsini, lazima awepo binadamu wa kutia sahihi.

Hakuwa na mume wala jirani. Ziliwahi kupita siku kumi mfululizo asitamke neno ila kwa mashine.

Basi asubuhi hiyo Tabibu alihamishiwa kwenye kipaza sauti cha mezani, na mgonjwa wa kwanza aliyeketi mbele yake alikuwa Mgalula Kapela, mrina asali wa miaka sabini, mjane, mtu ambaye hakukosa miadi hata siku moja.

"Karibu, mzee Mgalula," Tabibu alisema. "Je, bado una mizinga?"

"Ninayo, namshukuru Mungu."

"Mingapi kwa sasa?"

"Thelathini na minane. Ilikuwa arobaini."

"Imepungua. Hiyo miwili ilikwendaje?"

"Mmoja aliuangusha nyegere. Mwingine wamehama tu wenyewe."

"Kuhama ni kawaida. Aghalabu huhama kutoka upande mmoja hadi mwingine ndani ya saa ishirini na nne."

"Hasa kukiwa na ukame," mzee alikubali.

"Mkubwa kuliko yote una ukubwa gani?"

Mgalula alinyoosha mkono wake wa kulia, akauonyesha kwa mkono wa kushoto. "Kama hivi. Mpaka begani, na kuzidi."

"Mkono mzima hadi begani. Inakusumbua usiku?"

"Usiku ndiyo kazi yenyewe."

"Kuna mwingine katika ukoo wenu aliyekuwa nayo?"

"Baba alikuwa na mia. Babu, usiseme."

"Na nyumbani unaishughulikia kwa kitu gani?"

"Moshi."

"Tiba za jadi zisizo na madhara hazikatazwi," Tabibu alisema, na karatasi ikatoka: *Mizinga sugu, ya kurithi, inayohama. Kitulizo kiendelee.*

Sechelela aliishika karatasi ile bila kuisaini. Alizima kipaza sauti.

"Mzee," alisema, "ngozi yako iliwahi kuvimba? Mabaka yaliyoinuka, yanayowasha, yanayokuja na kupotea?"

"Ngozi yangu?" Mgalula alicheka. "Ngozi yangu haina neno, mtani. Habari za ngozi mnazo ninyi Wagogo, mnaozilalia."

"Sisi tunazilalia, ninyi mnazikimbiza porini zikachomwe na nyuki. Nijibu."

"Haijawahi."

Akamgusa chini ya mfupa wa bega, penye kidonge kidogo kilichopandikizwa ndani ya ngozi, mfano wa punje ya mchele. "Sasa hii waliiweka kwa ajili gani?"

"Si ya mizinga? Mimi nilijua ni kinga ya warinaji." Mzee akamtazama kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la kitoto. "Mwaka ule walikuja na gari linalosema. Likauliza, nani ana mizinga? Huku kwetu, mtani, nani atainuka mbele ya watu aseme hana? Mtu asiye na mzinga ni mgeni. Hata Kabula Nkwabi, aliyekuwa na mmoja na umeoza, aliinua mkono."

Sechelela alimtoa damu, akamwambia arudi nyumbani.

*

Jioni ile alifungua vitabu alivyosomea. Vilikuwa vitabu vile vile alivyofunzwa navyo Tabibu, vilivyoandikwa ughaibuni na kutafsiriwa kwa mashine. Katika lugha ya waandishi wale neno moja hubeba maana mbili zisizojuana: nyumba ya nyuki, na mabaka yanayoinuka kwenye ngozi. Mtafsiri alichukua maana ya kwanza akaiweka mahali pa ya pili. *Mgonjwa hupata mizinga mwilini. Mizinga huwasha.* Chuoni Sechelela alidhani ni tamathali, kwamba mtu fulani aliona uvimbe ukamkumbusha mzinga. Alikariri, akafaulu. Alipofika Sikonge na kukuta watu wengi kiasi kile wenye mizinga, aliandika katika ripoti yake ya kwanza kwamba huenda sababu ni chavua ya msituni. Ripoti ilisifiwa.

Ugonjwa wenyewe aliujua vizuri. Ndani ya ngozi zimo seli za ulinzi zilizojaa chembe za histamini. Zikichokozwa hupasuka; mishipa midogo huvuja maji, na ngozi huinuka mabaka yanayowasha, ambayo ukiyabonyeza katikati hugeuka meupe. Baka moja halikai siku nzima mahali pamoja. Maji yakivuja chini zaidi, huvimba midomo, kope, mikono, na mara chache koo, na koo likivimba mtu anaweza kufa. Kichochezi chaweza kuwa chakula, dawa, maambukizi, baridi, mkanda unaobana, sumu ya mdudu. Mara nyingi hakijulikani, hasa kwa wale ambao mabaka yao hupita wiki sita. Tiba ya zamani ilikuwa vidonge vya kuzuia histamini, kukiepuka kichochezi, na kwa koo, sindano ya adrenalini pajani bila kuchelewa.

Tiba mpya ilikuwa kitulizo. Punje ile ilizinyamazisha seli zisipasuke kabisa. Kwa mgonjwa wa kweli ilikuwa neema. Lakini seli zile hazikuwekwa ngozini kwa ajili ya kumwasha mtu. Ndizo pia zinazoita msaada mahali penye jeraha.

Akatafuta majeraha. Kati ya watu mia mbili na kumi na wanne, sitini na mmoja walikuwa na vidonda vilivyokaa zaidi ya miezi mitatu. Kila kimoja kilikuwa kimepewa jina lake na sababu yake, na kila kimoja kilikuwa na sahihi ya daktari chini. Kabula Nkwabi alikanyaga kisiki mwezi wa Agosti. Mwezi wa Februari mguu wake ulikatwa chini ya goti. Sahihi ya Sechelela ilikuwa hapo, imeandikwa kwa mkono uliotulia.

Mwisho alisoma damu ya Mgalula kwenye kipimo cha zamani cha mkono, ambacho hakikuunganishwa na Tabibu. Alikisoma mara tatu.

Mtu anayeumwa na nyuki mara mia mbili kwa mwaka, mwili wake huwazoea. Anayeumwa mara chache ndiye hujenga uadui. Tangu goti limsumbue, asiweze kuwakimbia, Mgalula alivaa vazi zito na kuumwa mara sita, mara nane kwa mwaka, na katika damu yake uadui ulikuwa umejengwa ukafika dari. Kitulizo ndicho kilichoufunika. Mtu aliyepewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao alikuwa ameupata chini ya dawa hiyo hiyo.

"Tabibu," Sechelela aliuliza, "nikisahihisha neno moja katika sababu ya tiba, nini hufuata?"

"Kosa likithibitishwa, tiba zote zilizosimama juu yake husitishwa dakika hiyo hiyo. Seli huamka baada ya siku saba."

"Na mwenye mzio wa sumu ya nyuki, anastahili kitulizo?"

"Hapana. Kitulizo hakitolewi kwa mzio ambao kisababishi chake kinaepukika. Kibali chake cha msitu hufutwa, naye hushauriwa kuishi mbali na nyuki. Je, yupo mgonjwa wa namna hiyo?"

"Nimeuliza tu," alisema Sechelela. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mashine ile, na ilimshangaza kuona jinsi ulivyokuwa mwepesi.

Alikuwa na muda hadi Ijumaa, siku ya kutia sahihi za mwezi. Angeweza kusaini kama kawaida, na vidonda sitini na kimoja vikaendelea. Angeweza kulisahihisha neno na kuificha damu ya mzee, ambaye angerudi kwenye mizinga yake bila kinga na bila habari. Au angesema yote, akamnyang'anya Mgalula nyuki wake. Na neno likisahihishwa, kwa vyovyote kituo kingefungwa, kwa maana wagonjwa wa kweli wa ngozi, alipowahesabu, walikuwa watatu.

*

Alhamisi alikwenda kwa miguu hadi kambini kwa Mgalula, mwendo wa saa mbili na nusu. Mizinga ilining'inia kwenye miti ya mitundu, ya magome ya kale na ya mbao iliyochongwa upya, na mzee alikuwa ameketi chini yake akisuka kamba.

"Leo kitanda kimemfuata mgonjwa," alisema. "Kaa, mtani. Kigoda hicho kilikuwa cha marehemu mke wangu, lakini hana neno na wageni."

Sechelela aliketi. Alimweleza kwa mpangilio: neno, mashine, punje, vidonda, mguu wa Kabula. Mzee hakumkatiza. Alipofika kwenye kosa la mizinga, mabega ya Mgalula yalianza kutikisika.

"Kwa hiyo mwaka jana aliponiuliza kama inawasha…"

"Ndiyo."

"Nikamjibu inawasha mtu asiyeijua!" Akafuta machozi kwa kiganja. "Baba yangu alikuwa na mizinga mia mwilini. Angefurahi kusikia." Kisha akatulia. "Kabula, je? Anajua?"

"Bado."

"Utamwambia wewe."

"Nitamwambia mimi."

Akamweleza habari ya damu. Hapo mzee hakucheka. Aliendelea kusuka, lakini kamba ilikwenda upande.

"Niumwe na wangapi?"

"Mmoja anatosha."

"Wananijua hawa."

"Hawakujui, mzee. Nyuki mfanyakazi huishi wiki sita. Waliokujua walikwisha kufa mara nyingi."

"Wagogo," mzee alisema, bila hasira. "Nipe hiyo sindano. Nitatembea nayo mfukoni."

"Nitakupa. Sindano inakununulia dakika kumi na tano, ishirini. Kutoka hapa hadi kituoni ni saa mbili na nusu, na mwezi ujao hata kituo hakitakuwepo."

"Usiseme, basi. Waache watu na punje zao. Mimi nimebakiza miaka mingapi?"

Alikuwa amelitarajia neno hilo. Njia nzima alikuwa akiliandalia jibu, na jibu lilikuwa hesabu: watu sitini na mmoja kwa mtu mmoja. Lakini alichokiona mbele yake kilikuwa mtu anayeshika kamba iliyoharibika, na kigoda cha mke wake kikikaliwa na mgeni, na alijua kwamba yeye mwenyewe, kila mwezi, alikuwa akiweka maji ya chai jikoni kabla mtu huyu hajafika.

"Nimekuja kukuambia kabla sijaandika," alisema. "Sikuja kuomba ruhusa."

"Nimesikia."

"Kama kuna namna nyingine, sijaiona."

Mzee alifumua kamba hadi pale ilipokosewa. "Kijana wa Kabula anapanda mti vizuri," alisema, kama anayezungumza na kamba. "Mama yake alidanganya watu kwamba ana mzinga. Nikimpa thelathini na minane, atakuwa hakudanganya."

Sechelela aliinuka. Mzee hakumsindikiza, lakini alipofika mbali kidogo alimwita.

"Mtani. Utaandika nini badala yake? Maana mashine nayo lazima iwe na neno."

"Sijui. Ninyi husemaje, ngozi ikifanya vile?"

"Husema mwili umeumuka. Kama unga."

*

Ijumaa saa nne asubuhi alitamka masahihisho. Mizinga ni nyumba za nyuki. Maradhi yale yaitwe ngozi kuumuka. Tabibu alirudia maneno yote mawili, akauliza kama ana uhakika, akamwomba ataje chanzo cha neno jipya.

"Mgalula Kapela," alisema Sechelela, "mrina asali."

Kisha akataja damu ya mtu huyo huyo.

Mchana huo punje mia mbili na kumi na moja zilizimwa, tatu ziliachwa. Jumatatu ilikuja amri: kituo kifungwe tarehe thelathini, daktari aripoti Dodoma. Hakukuwa na lawama ndani yake wala shukrani. Alikwenda kwa Kabula Nkwabi akamwambia alichotia sahihi. Kabula alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba aondoke, naye akaondoka.

Siku ya nane Mgalula alikuja kituoni. Alivaa shati jeupe la safari, na mikono yake haikunuka moshi. Kibanda kilikuwa kimetengenezwa, lakini Sechelela alimketisha mezani kwake, akafungua kipaza sauti.

"Karibu, mzee Mgalula," Tabibu alisema. "Je, ngozi yako huumuka?"

"Bado sijui. Ndiyo nimekuja kuangalia."

"Kazi yako ni ipi?"

Mzee akatazama dirishani. "Andika mkulima."

"Je, una mizinga?"

"Sina," alisema Mgalula.

Sechelela alichukua kijiti chenye ncha butu, akamkwaruza mzee mstari mmoja kwenye mkono, kutoka kiwiko hadi kifundo. Wakangoja. Dakika ya kwanza mstari ulikuwa mwekundu tu. Dakika ya tatu ulianza kuinuka, mwembamba, kisha mnene kama kamba chini ya ngozi, na kingo zake zikawa na wekundu uliotapakaa. Seli zilikuwa zimeamka. Hazikuangalia ulikuwa mkono wa nani.

"Inawasha," mzee alisema kwa mshangao. Akakaribisha mkono machoni. "Ndiyo yenyewe hii?"

"Ndiyo yenyewe. Itakwisha nusu saa."

"Umeandika nini hapa?"

"Mstari tu."

Walikaa hadi ulipokwisha. Alimpa sindano mbili za adrenalini, akamwonyesha paja, akamfanya arudie mara tatu kwa sindano tupu hadi alipoipata. Walikunywa chai. Mzee aliuliza kama Dodoma kuna miti; Sechelela alisema ipo, michache. Mzee akasema hiyo ndiyo sababu Wagogo wana maneno makavu. Alipofika mlangoni alivaa kofia yake.

"Tutaonana mwezi ujao, mtani."

"Mwezi ujao sipo, mzee. Nilikwambia. Watakuwa wamefunga."

"Nimesikia. Mimi nitakuja tu, tarehe ile ile. Nikikuta hupo, nitakuwa nimekuja."

Alishuka ngazi akishika ukuta kwa ajili ya goti. Sechelela alimtazama hadi njia ilipoingia miombo, na baada ya hapo akaendelea kuitazama njia.

"Fomu haijakamilika," Tabibu alisema nyuma yake. "Miadi ijayo?"

"Tarehe ishirini na nane. Mwezi ujao."

"Kituo kitakuwa kimefungwa. Daktari atakayekuwepo?"

"Hakuna."

"Tatizo linalomleta mgonjwa?"

Sechelela alirudi mezani. Juu ya sahani kilibaki kipande cha sega ambacho mzee alikuwa amekileta kimefungwa kwenye jani, cha mwisho, kutoka mizinga isiyokuwa yake tena. Aliangalia nafasi ile kwenye fomu.

"Acha wazi," alisema.